Manowari Yangu, Mwewe Hapiti

Jumatatu, 3 Machi

Leo siku yangu imefika. Nilijua itafika. Sikujua itanikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

Redio imetangaza kwamba Chuo cha Wanamaji kitafungua milango kwa raia Jumamosi ya wiki ijayo, na kutakuwa na shindano. Raia yeyote abuni manowari ya kesho, ya kulinda msafara wa meli dhidi ya mashambulizi ya angani. Alete mfano wake, urefu wa mtu mzima aliyelala, na mfano huo uelee. Meli ya mshindi itawekwa langoni mwa chuo, kila aingiaye aione.

Kinyozi akazima mashine. Watu wote wakanigeukia. Si ajabu. Pale wananiita Admeri, kwa kuwa nimewahi kulitumikia jeshi la majini. Nililiwekea dari katika ukumbi wa chakula wa maofisa. Hiyo sehemu ya dari huwa siitaji. Si kwamba naficha, ila hadithi ikirefuka mno wasikilizaji huchoka.

Fundi redio, ambaye kibanda chake kinatazamana na kinyozi, akauliza kwa ile sauti yake ya upole wa kuchokonoa kama Admeri atashiriki au atawaachia wadogo zake wacheze. Nikamjibu kuwa simba hashindani na paka, lakini safari hii nitashuka. Akasema basi na yeye atajaribu kidogo. Kidogo! Mtu ambaye maisha yake yote ni kupuliza vumbi ndani ya redio za watu.

Nyumbani nimemkuta dada ananisubiri mlangoni. Shemeji anatoka hospitali Jumapili ya tarehe 16. Nyonga imeanza kuunga, lakini ngazi hataziweza tena, kwa hiyo atalala chumba changu cha nyuma, kilicho chini, chenye paa lake la bati. Mimi nitahamia sebuleni. Sina neno. Tatizo ni kwamba chumba hicho hakina dari. Niliibomoa mwenyewe mwaka jana ili nione bati linavuja wapi. Nikaona. Tangu hapo nimekuwa nikilitafakari.

Dada ameshanunua kila kitu. Bodi za plaiwudi, misumari, kopo kubwa la lami ya kuziba bati. Vyote vimeegemezwa ukutani kwangu. Daktari amemwonya kwamba mgonjwa wa kulala chali akipata baridi, mapafu ndiyo huanza kumsaliti, na masika hiyo imeshapiga hodi. Anaomba kitu kimoja tu, mumewe asilowe.

Nimemwahidi. Nimemwambia, dada, una fundi dari ndani ya nyumba, unaogopa nini?

Akasema anachoogopa ndicho hicho.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana, maana mawazo makubwa hayaenei kwenye daftari.

Kwa asiyejua mambo haya: msafara wa meli ni vifaranga. Meli za mizigo, meli za mafuta, meli za askari, wote vifaranga. Ndege za adui ni mwewe. Manowari yangu ni kuku mwenyewe, ila kuku mwenye makombora. Wahenga walisema dua la kuku halimpati mwewe. Walisema hivyo kwa sababu walikufa kabla sijazaliwa. Nimeiita Mwewe Hapiti.

Rada ziko tatu. Ya kwanza inaona ndege. Ya pili inaona nia ya rubani. Ya tatu inaitazama rada ya kwanza isisinzie. Injini inakula jua mchana na mwezi usiku. Kuna taa ya kukata bawa la ndege kama wembe unavyokata karatasi. Kuna ndege ndogo zisizo na rubani, zinazoruka zenyewe, zinapigana zenyewe, na zikichoka zinarudi zenyewe. Makombora yamesimama safu kwa safu sitahani, hakuna hata pa kutundika nguo.

Lakini roho ya chombo ni mlingoti. Hili silitanii. Shemeji alikuwa baharia hasa, na zamani, kabla hajamwoa dada, meli yake ilipigwa na ndege. Aliniambia mara moja tu, tukimenya viazi. Ndege ilikuja chini chini, ikikaribia kugusa maji. Rada yao ilikaa chini mno, haikuona mbali. Waliisikia kabla hawajaiona. Kisha akachukua kiazi kingine. Kwa kinyozi hadithi hiyo huwa naisimulia vizuri kuliko yeye, na huwa nami nimo.

Basi mlingoti wangu utakuwa mrefu. Mrefu kupita adabu.

Alhamisi, 6 Machi

Ujenzi umeanza. Nimeazima bodi za dada. Nasema nimeazima, kwa kuwa shindano likiisha zitapanda darini kama ilivyopangwa, tena zikiwa zimeshaona dunia.

Nasikia wajenzi wa meli huanza chini kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, wakapanda juu. Ushamba mtupu. Fundi dari hafanyi kazi sakafuni. Nimefunga kulabu kwenye mbao za paa, nikateremsha kamba, na meli yangu inajengwa ikiwa inaning'inia hewani katikati ya chumba. Mimi niko chini yake juu ya stuli, shingo imepinda ilivyozoea.

Mpwa wangu, binti ya dada, anayefanya kazi duka la dawa, aliingia kutafuta pasi akasimama mlangoni.

Aliuliza kama siku hizi meli zinapita juu ya nyumba.

Nikaweka pimamaji juu ya sitaha. Kipovu kikasimama katikati kabisa, hakitikisiki. Nikamwambia ajionee. Kitu kilichonyooka hewani, ambako hakuna cha kukishika, kitapindaje majini, ambako maji yanakishika pande zote?

Akachukua pasi, akaondoka. Elimu ya siku hizi.

Tumbo lote la meli nimelipaka lami. Kopo limekwisha. Sasa hata machozi hayapenyi. Mlingoti ni fimbo ya pazia la sebuleni. Rada ni sinia la dada, kifuniko cha sufuria kubwa, na chekecheo. Wakubwa wa majeshi duniani wanatumia vifaa vya siri. Mimi pia natumia kwa siri.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kumwona shemeji wodini. Machungwa mkononi, mchoro kwapani.

Amekonda. Analala chali, mguu umefungwa, macho juu. Nami nikatazama juu. Dari ya wodi ile iliwekwa na mtu asiyependa binadamu. Viungo vimeachana, na kona moja imefura kama shavu la mwenye jino. Nikamweleza mgonjwa wa kitanda cha pili kasoro zote, akageukia ukutani.

Kisha nikamfungulia shemeji mchoro. Nilimweleza kila kitu, rada, taa, kuku na mwewe. Alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza habari za dari ya nyumbani, nami sikuona haja ya kuchanganya mada. Aliuliza jambo moja tu.

"Na chini umeweka nini, shemeji?"

"Chini ni maji, shemeji."

Akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika. Muuguzi akaja mbio, akanikataza kumchekesha mgonjwa mwenye nyonga mbovu. Nikamwelewesha kwamba yule hacheki, ile ni hisia ya baharia anapokumbuka maji.

Nilipotaka kuondoka alinishika mkono. Vidole vimebaki mifupa. Alisema amechoka kutazama dari hii, madoa yake yote ameshayapa majina. Daktari amesema atalala chali muda mrefu. Akirudi nyumbani anataka tu kuwe na kitu cha kutazama huko juu.

Nimemwahidi. Ndiyo ahadi ya pili kwa chumba kimoja.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha adhuhuri nzima. Bati limevuja pale pale nilipopaona mwaka jana, jambo linaloonyesha kwamba uchunguzi wangu ulikuwa sahihi. Maji yaliteleza juu ya sitaha yakadondoka kwenye sakafu, mahali ambapo kitanda cha shemeji kitakaa. Nikaweka beseni.

Mvua ilipokatika nikaenda kumchungulia fundi redio. Masikini. Meli yake ni fupi, pana, imebonyea, kama pasi iliyosahauliwa. Juu yake kajiantena kamoja. Nikamwuliza makombora yako wapi. Akasema yako ndani, chini ya sitaha. Nikamwuliza adui atayaogopaje kama hayaoni. Akasema hataki adui aogope, anataka adui asipite. Nilimwonea huruma. Hata hivyo nimerudi nikaongeza mlingoti wa pili, kwa tahadhari.

Dada alinikuta juu ya stuli. Alitazama beseni. Alitazama ukuta ambapo bodi zilikuwa zimeegemea. Kisha akatazama juu, akaliona sinia lake.

Nikamweleza kwamba meli ikishinda, jina la ukoo wetu litakaa langoni mwa Chuo cha Wanamaji. Nikamweleza kwamba Jumamosi nikirudi tu nitaivunja, na Jumapili asubuhi dari itakuwa juu. Nikamweleza kwamba mimi naweka dari kwa kasi isiyoelezeka.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi siombi manowari. Naomba dari."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kujibu. Alichukua beseni, akalimwaga nje, akalirudisha pale pale, akaondoka.

Nilikaa kwa muda bila kugonga msumari. Kisha nikakumbuka kwamba safu ya makombora ya kushoto bado haijapakwa rangi.

Ijumaa, 14 Machi

Imekamilika. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi, na nimeona dari nyingi.

Haikupita mlangoni. Milingoti inagota. Nimeng'oa mlango pamoja na fremu yake. Bawaba zimekatika, mbao imepasuka kidogo. Fremu ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Nitamtafuta anayejua.

Mpwa wangu amesaidia kuipakia kwenye mkokoteni. Mlingoti mkubwa umefika usawa wa waya za umeme. Aliitazama jinsi inavyonesanesa, akaniuliza, "Mjomba, hii ikizama utaokoa nini kwanza, meli au maneno uliyokwisha kusema kwa kinyozi?"

Nimemsamehe. Ana wasiwasi juu ya baba yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika ukweli mtupu, kwa kuwa najua wengine watausimulia vibaya.

Bwawa la chuo ni kubwa, maji ya kijani yametulia. Watu wengi. Meza ya majaji chini ya turubai, na mkuu wao ni ofisa mstaafu, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizonyolewa kwa rula. Meli zilikuwa nyingi. Yangu ilionekana kutoka langoni. Nilisikia mtu anauliza kama ni mnara wa simu.

Askari wawili wakaingia majini, wakaipokea, wakaiweka. Ilielea. Naandika hapa ili pasiwe na ubishi: ilielea. Muda wote walipokuwa wameishika, ilielea vizuri mno.

Kisha wakaiachia.

Haikuzama. Ililala. Iliinama kushoto taratibu, kama mtu anayepewa siri. Nikadhani inamtafuta adui. Halafu milingoti, sinia, kifuniko, chekecheo na makombora yote vikaingia majini kwa pamoja, na tumbo jeusi likabaki juu, linameta. Katikati ya sitaha kipande kizima kiling'oka kikaelea peke yake. Silaha zangu zote zilikuwa zimewaelekea samaki, na bwawa lile halina hata samaki.

Nikatangaza kwa sauti kwamba hiyo ni hatua ya pili ya mpango, ikizidiwa inageuka nyambizi. Watu wakacheka hadi wakashikana mikono. Kinyozi alikaa chini kabisa. Fundi redio hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Mkuu wa majaji naye hakucheka. Alikuja hadi ukingoni, akainama, akasaidia kuivuta nje kwa mikono yake, hadi suruali ikalowa. Akauliza kwa nini mlingoti mrefu hivi.

Nilikuwa na jibu refu tayari, lenye sayansi. Sijui limekwenda wapi. Nikamwambia, ili waione ndege ikiwa bado mbali.

Akauliza ni nani hao.

Nikamwambia, waliomo ndani.

Alikuwa ameshika fimbo ya pazia la dada, anaikausha kwa kiganja kama mtu anayefuta mgongo wa mtoto. Mwishowe akasema, "Mlingoti wako uko mahali pake, bwana. Meli iliyo chini yake ndiyo haipo."

Nimeyahifadhi maneno hayo. Hasa ya mwanzo.

Pasi ya fundi redio imeelea siku nzima, imepewa nafasi ya pili. Aliniletea kipande changu cha sitaha kilichokuwa kinaelea, akasukuma mkokoteni pamoja nami hadi nyumbani. Mtu huyu hana utu hata kidogo. Angenicheka ningepumua.

Jumapili, 16 Machi

Asubuhi niliamka na nia ya kuweka dari. Naapa. Lakini bodi ndizo meli, zimekatwa vipande vya upana wa kiganja. Lami ndiyo tumbo la meli. Duka la vifaa Jumapili halifunguliwi. Wingu zito limekaa juu ya paa kama mgeni asiyeaga.

Nilifanya aliloweza fundi kufanya. Niliirudisha meli kwenye kulabu zake, angalau ilizibe lile tundu lisionekane. Mlangoni nilipigilia pazia la sebuleni, ambalo halikuwa na fimbo wala kazi.

Gari la hospitali lilimleta shemeji mchana. Wabebaji wakampitisha chini ya pazia, wakamlaza kitandani. Dada alikuwa nyuma yao. Aliona mlango. Akaona beseni limesogezwa. Akaona juu. Sikuwahi kujua mtu anaweza kunyamaza kwa mwili mzima.

Shemeji alikuwa amelala chali, anatazama juu. Meli iko juu yake kabisa, tumbo jeusi, milingoti imeingia kati ya mbao za paa hadi karibu na bati. Ilikuwa inayumba, kwani upepo hupita chini ya bati. Nikaanza kueleza. Shemeji akainua kiganja, nikanyamaza.

Mvua ikaanza.

Tulisimama sote tukisikiliza. Mpwa wangu alikuwa ameshakunjua turubai amfunike baba yake. Kisha tukasikia tone, si la kwenye shuka, la kwenye mbao. Likafuatwa na jingine. Maji yalikuwa yanaingia pale sitaha ilipong'oka, yanakusanyika tumboni mwa Mwewe Hapiti. Mvua iliongezeka ikawa haisikilizani na mtu. Kitandani hakukudondoka kitu. Dada alipapasa shuka kwa mkono, pembe moja hadi nyingine, kama anayetafuta sindano. Kavu.

Shemeji alikuwa hasikii hayo. Alikuwa anaufuata mlingoti kwa macho, kutoka chini kwenda juu, juu tena.

"Kwa mlingoti huu," akasema, "tungeiona."

Dada alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaweka mkono juu ya mguu mzima wa mumewe. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kukaa tangu wiki iliyopita. Mimi nilijifanya nakagua kamba. Jicho lilikuwa limeingiwa na vumbi la bati.

Baadaye meli iliacha kuyumba. Ikatulia tuli. Shemeji akanyoosha kidole, sauti yake imerudi kuwa ya zamani kidogo, na akasema nitazame vizuri, sasa maji yamejaa chini ndiyo imetulia, uzito wa chini ndio uliokosekana tangu mwanzo. Nikamfafanulia kwamba hiyo ni lami. Lami nzuri ikilowa hutulia. Akafumba macho, na mabega yakaanza tena zile hisia za baharia.

Dada aliuliza, "Na ikijaa?"

Mpwa wangu alikimbia dukani kwao, akarudi na mpira mwembamba, akautumbukiza ndani ya meli, akaufyonza kwa mdomo, na maji yakaanza kutoka dirishani yenyewe. Ningelifikiria hilo baada ya muda mfupi.

Dada alipotoka aliniwekea chakula, lakini kwenye kifuniko cha sufuria ndogo, kwa kuwa sinia lilikuwa darini.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi redio amepanda paani na lami yake mwenyewe, ameziba bati. Dada ndiye aliyemwita. Nilimsimamia kutoka chini, nikamwonyesha mahali, maana uchunguzi ulikuwa wangu. Kumekauka. Fremu ya mlango pia ameigusa gusa.

Meli haishuki. Shemeji amekataa. Amesema dari iwekwe kandokando, na yule kuku wangu abaki katikati. Dada alimtazama, akanitazama, akasema nyumba hii ina wagonjwa wawili.

Kwa kinyozi nimewaeleza yale wasiyoyaelewa Jumamosi. Nimewaambia mkuu wa majaji mwenyewe, mbele ya bwawa, alitamka kwamba mlingoti wangu uko mahali pake. Yaliyofuata ni siri za kijeshi. Nimewaambia pia kwamba Mwewe Hapiti ndiyo manowari pekee nchini iliyokwisha kushambuliwa kutoka juu ikashinda, na baharia aliyekuwa chini yake hakuguswa hata na tone. Kinyozi akasema, haya, Admeri, inamisha kichwa.

Nikiwa nimeinamisha kichwa ndipo nilipoligundua kosa. Limekuwa likinisumbua tangu Jumamosi. Ni mlingoti. Ulikuwa mfupi. Kama ungekuwa mrefu zaidi, ulipoinama ungefika ukingo wa bwawa, ukaegemea, na meli isingelala. Jambo dogo kabisa. Wataalamu wote wale na hakuna aliyeliona.

Chuo kimesema mwakani kuna shindano jingine. Manowari ya kubeba ndege. Itahitaji sitaha pana sana, na bodi nyingi.

Bodi mpya za dari zimefika leo asubuhi. Safari hii dada hakuziegemeza ukutani. Amezisukuma uvunguni mwa kitanda cha shemeji, zote, nisizifikie.

Shemeji hulala sana mchana.